UZI: Jimbo la Kigoma Mjini tangu 1994, wabunge wake, na kwa nini halijawahi kuwa mali ya chama chochote

#1 – Mleta uzi

Mwakeye wana Kigoma, na salamu kwa wakuu wote wa jukwaa.

Kila uchaguzi ukipita nasoma maneno yale yale kutoka kwa watu wasiojua Gungu iko upande gani na Bangwe iko upande gani. Mara "Kigoma ni wapinzani wa kuzaliwa", mara "Kigoma wamerudi nyumbani CCM", mara "Kigoma wanachagua majina makubwa". Nimeona niandike historia ya jimbo letu kwa utaratibu, tangu vyama vingi viingie, ili mtu akitaka kubishana abishane na yaliyotokea.

Kwanza jimbo lenyewe. Kigoma Mjini ni Manispaa ya Kigoma Ujiji yote, kata 19, watu zaidi ya 230,000 kwa sensa ya 2022. Ndani yake kuna miji miwili iliyoshikana. Ujiji ni ya zamani, mji wa misafara, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Kigoma ya stesheni na bandari ni ya baadaye, ilikua kwa sababu Wajerumani walifikisha reli pale mwaka 1914. Katikati ipo Mwanga, ambako miji hiyo imekutana. Ukiwa mgombea ukafanya mikutano ya stesheni na Lumumba tu, bila kwenda kukaa kwenye mabaraza ya Ujiji, Kasingirima, Rusimbi na Kipampa, nakuhakikishia umepoteza muda wako. Watu wa huku wanataka wakuone, wakuulize, na ujibu papo hapo.

Sasa tuanze 1994.

Vyama vingi viliruhusiwa Julai 1992. Kabla ya uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi zikapita chaguzi ndogo chache, mojawapo hapa kwetu, mwaka 1994. CCM ilimsimamisha Azim Premji. CHADEMA, chama kichanga kabisa wakati huo, ikamsimamisha Dk. Aman Walid Kabourou. Premji akatangazwa mshindi, Kabourou akaenda mahakamani.

Hapo ndipo jimbo letu lilipoingia kwenye vitabu vya sheria. Mahakama Kuu ilitengua matokeo. Upande wa serikali haukuridhika, shauri likapanda Mahakama ya Rufani kwa jina la Mwanasheria Mkuu na wenzake wawili dhidi ya Aman Walid Kabourou. Limechapishwa kwenye Ripoti za Sheria za Tanzania za 1996, na hadi leo mawakili wa kesi za uchaguzi wanalitaja. Jambo kubwa ndani yake ni Redio Tanzania Dar es Salaam. Mahakama ilikubali kwamba redio ya taifa, katika matangazo yake ya kampeni ile, iliegemea upande wa mgombea wa CCM, wakati ni chombo cha umma kinachopaswa kuwatendea wagombea wote kwa haki.

Fikirieni uzito wake. Miaka ile RTD ndiyo iliyokuwa inasikika mpaka kwenye mitumbwi ziwani. Mtu akisema "imetangazwa redioni", mjadala umekwisha. Halafu mwananchi mmoja wa Kigoma anasimama mbele ya majaji na kusema redio hiyo haikutenda haki, na majaji wanamkubalia. Kila mara nikisikia mtu anasema Kigoma haijachangia kitu kwenye demokrasia ya nchi hii, namkumbusha kesi hiyo.

Uchaguzi mkuu wa 1995 ukafika, Kabourou akachukua jimbo kwa CHADEMA. Mwaka 2000 akalichukua tena. Angalieni CHADEMA ilivyokuwa mwaka huo wa 2000: majimbo manne tu ya kuchaguliwa nchi nzima. Slaa Karatu, Mbowe Hai, Ndesamburo Moshi Mjini, na Kabourou Kigoma Mjini. Matatu ya kaskazini, moja la mwisho wa reli. Wale waliokuwa wakikiita chama cha Wachagga walikuwa wanasahau kwamba mmoja wa wabunge wake wanne alitumwa na Waha, Wamanyema na Wabwari wa Kigoma na Ujiji. Kabourou alifika pia kuwa katibu mkuu wa chama hicho.

Miaka kumi ya Kabourou ndiyo iliyojenga mazoea ya jimbo hili. Mbunge akirudi kutoka Dodoma anaitisha mkutano, anaeleza alichosema, anaulizwa, anabanwa. Wazee wangu walikuwa wanakwenda kwenye mikutano hiyo hata kama hawakumpigia kura. Kizazi cha akina Zitto kimekulia kwenye hali hiyo, hakikuanguka kutoka mbinguni.

Disemba 14, 2005. Tarehe hii naomba muitazame vizuri (uchaguzi ulisogezwa kutoka Oktoba baada ya kifo cha mgombea mwenza wa CHADEMA). Siku hiyo hiyo moja mambo mawili yalitokea. Mjini, Kabourou alishindwa na Peter Serukamba wa CCM. Na jimbo la jirani linalotuzunguka, Kigoma Kaskazini, kijana wa miaka 29 anayeitwa Zitto Kabwe alimwangusha mbunge wa CCM, Halimenshi Mayonga, kwa tiketi ya CHADEMA hiyo hiyo. Ukitoka mjini kwenda Mwandiga ni mwendo mfupi tu wa daladala. Kwa hiyo ukisema mwaka 2005 "Kigoma iliikataa CHADEMA", Mwandiga watakucheka. Ukisema "Kigoma iliikumbatia CHADEMA", Mwanga watakucheka. Watu walipima mtu na mtu.

Serukamba alikaa miaka kumi, 2005 hadi 2015, na bungeni aliongoza Kamati ya Miundombinu. Mwaka 2015 hakugombea tena mjini, alihamia Kigoma Kaskazini na akashinda huko. Naye Zitto, ambaye Machi mwaka huo alikuwa amefukuzwa CHADEMA, akaaga Bunge na kujiunga na ACT-Wazalendo, akaingia mjini. Yaani mbunge wa mjini alikwenda kaskazini na mbunge wa kaskazini akaja mjini.

Na kule mjini alipambana na nani? Na Dk. Kabourou. Safari hii Kabourou akiwa mgombea wa CCM.

Nieleze kidogo kwa vijana. Baada ya kushindwa 2005, Kabourou alihamia CCM, akaenda Bunge la Afrika Mashariki kuanzia 2006 hadi 2012, kisha akawa mwenyekiti wa CCM mkoa wa Kigoma. Mtu aliyefungua njia ya upinzani katika jimbo hili alirudi kuliomba akiwa na shati la kijani, na jimbo likampa Zitto. Kura hiyo haikuwa dharau kwake. Wengi waliomnyima kura 2015 ndio waliomlilia alipofariki Machi 2018, na Zitto mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliomwandikia maneno ya heshima.

ACT mwaka 2015 ilipata jimbo moja tu Tanzania nzima, na jimbo hilo lilikuwa hili. Ikachukua pia halmashauri ya manispaa. Kigoma Ujiji ikaingia mwaka 2016 kwenye mpango wa kimataifa wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi, miongoni mwa maeneo 15 tu ya serikali za mitaa na majimbo yaliyochaguliwa duniani kuanza nao. Mwaka uliofuata Tanzania ikajitoa kwenye mpango mzima, na sisi tukatoka nao. Mpaka leo linaniuma. Manispaa ya mwisho wa reli ilikuwa imeitwa meza moja na miji mikubwa ya dunia ili ieleze inavyowaonyesha wananchi wake bajeti.

Oktoba 2020 Tume ilimtangaza Kilumbe Ng'enda wa CCM, Zitto akapoteza. Kampeni ile Zitto aliimaliza akiwa majeruhi, baada ya ajali ya gari mapema Oktoba kule Kalya, wilaya ya Uvinza. Kisha Oktoba 29, 2025, Zitto akagombea tena, na Tume ikamtangaza Clayton Chipando wa CCM, ambaye nchi nzima inamfahamu kama Baba Levo. Nje ya Kigoma watu walishangaa "msanii kaingiaje?" Wa hapa tunamjua kama diwani wa zamani wa Mwanga Kaskazini, na udiwani huo aliupata 2015 kwa tiketi ya ACT, chama kile kile cha Zitto.

Sasa jumlisheni wenyewe. Kabourou: CHADEMA, kisha CCM. Zitto: CHADEMA, kisha ACT. Chipando: ACT, kisha CCM. Katika wabunge watano wa jimbo hili tangu 1995, watatu wamewahi kubeba kadi za vyama viwili tofauti katika siasa za Kigoma hii hii. Huku chama ni basi la kumfikisha mtu Dodoma, maana sheria zetu hazimruhusu mtu kugombea bila kupanda mojawapo. Abiria ndiye anayetazamwa.

Hoja yangu ni hiyo. Karibuni.

#2 – Mchangiaji, Katubuka

Mkuu umeandika vizuri sana, nimekumbuka mbali. Lakini umeanzia 1994 kana kwamba kabla ya hapo watu walikuwa wamelala. Wazee wetu walipiga kura tangu enzi za TANU. Hizo chaguzi za jembe na nyumba umeziacha wapi?

#3 – Mleta uzi

Asante sana mkuu, nilikuwa nasubiri mtu aulize.

Kwa vijana: kuanzia uchaguzi wa 1965, chini ya chama kimoja, kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa TANU. Majina yalipitia vikao vya chama, halmashauri kuu ya taifa ikabakiza mawili. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba. Wote chama kimoja, ilani moja, rangi moja, na kampeni walizungushwa pamoja na chama, jukwaa moja. Mpiga kura hakuwa na chama cha kuchagua. Alikuwa na kazi moja tu, kuwatazama watu wawili na kusema huyu ananifaa kuliko yule. Ndiyo maana tangu 1965 mawaziri walikuwa wanaangushwa majimboni huku chama kikibaki pale pale.

Miaka karibu thelathini ya kupiga kura hivyo ilifundisha watu kitu. Mimi naamini mzee wa Ujiji aliyempigia Kabourou 1995 hakuwa ameongoka kuwa CHADEMA. Alifanya kile alichokuwa anafanya siku zote, kumpima mtu, isipokuwa safari hii watu waliosimama mbele yake walivaa rangi tofauti.

#4 – Mchangiaji, Dar es Salaam

Heshima kwako mleta uzi. Ila tuongee ukweli wa wazi. Miaka yote mliyochagua upinzani mmebaki nyuma. Mimi nilisoma sekondari huko, umeme wa jenereta, barabara vumbi, treni inachelewa siku mbili. Majimbo yaliyokaa na chama tawala yamepata lami na umeme. Mbunge wa upinzani anapiga kelele bungeni, lakini nani anampa mradi? Hili mnalikwepa siku zote.

#5 – Mleta uzi

Hatulikwepi mkuu. Nalijibu kwa urefu kwa sababu hiyo ndiyo silaha inayotumika dhidi yetu kila baada ya miaka mitano.

Tuanze na umeme, maana umeutaja mwenyewe. Kigoma ilikaa kwenye majenereta ya dizeli miaka na miaka. Mkoa ulianza kuunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022. Sasa hesabu: kati ya 2005 na 2015, miaka kumi mizima, Kigoma Mjini ilikuwa na mbunge wa CCM, na mtu mzito, mwenyekiti wa kamati ya Bunge. Umeme ulikuwa wa jenereta. Kama kura ya CCM ingekuwa ndiyo swichi, taa zingewaka gridi 2006. Gridi ilichelewa kwa sababu sisi tuko mwisho wa nchi, njia za kusafirisha umeme mkubwa ni za gharama, na zilijengwa kwa kufuata mikopo na mipango ya taifa.

Lami nayo. Barabara ya Mwandiga kwenda Manyovu mpakani mwa Burundi iliwekwa lami enzi za Kikwete. Mwandiga ni Kigoma Kaskazini, na mbunge wake alikuwa Zitto wa CHADEMA. Daraja la Malagarasi, ambalo lilikuwa ndoto ya wazee, lilijengwa kwa mkopo wa Korea Kusini na kukamilika kabla Kikwete hajaondoka 2015. Lipo wilaya ya Uvinza, jimbo la Kigoma Kusini. Mbunge wa Kigoma Kusini 2010 hadi 2015 alikuwa David Kafulila wa NCCR-Mageuzi, yule yule aliyekuwa mwiba wa serikali kwenye sakata la Escrow mpaka Mwanasheria Mkuu akamwita tumbili ndani ya Bunge. Mbunge anaitwa tumbili Dodoma, na jimboni kwake nguzo za daraja zinaendelea kupanda. Sasa hiyo adhabu ya kuchagua upinzani iko wapi?

Njoo mjini kwenyewe. Barabara nyingi za mitaa na mifereji tunayojivunia leo zilitoka kwenye mradi wa miji mikakati uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Kigoma Ujiji iliingizwa pamoja na Arusha, Dodoma, Mbeya, Mtwara, Mwanza na Tanga. Mradi ulianza 2010 mbunge akiwa wa CCM, ukaendelea baada ya 2015 mbunge na halmashauri vikiwa vya ACT. Na tazama miji iliyomo: Arusha na Mbeya nayo yalikuwa majimbo ya CHADEMA miaka ile. Mradi haukuuliza kadi ya mtu, uliangalia mji unakua vipi na halmashauri inaweza kusimamia kiasi gani.

Sisemi mbunge hana kazi. Ana kazi kubwa: kubana fedha zilizopangwa zifike, kuuliza mkandarasi yuko wapi, kusimama wakati wavuvi wanapopangiwa jambo bila kuulizwa. Kazi hiyo inaweza kufanywa na wa CCM au wa ACT, ilimradi ana mdomo na anajua njia za serikali. Lakini kumwambia mama wa Kibirizi kwamba amekosa maji kwa sababu alimpigia kura fulani ni kumdhulumu mara mbili. Maji ni haki yake kwa kodi anayolipa kwenye kila ndoo ya dagaa.

#6 – Mchangiaji, Kasulu

Niongezee hapo kwa Kafulila, maana watu wameshasahau 2010. Mwaka ule NCCR-Mageuzi ilipata majimbo manne tu ya kuchaguliwa Tanzania nzima, na yote manne yalikuwa mkoa wa Kigoma. Kafulila Kigoma Kusini, Moses Machali Kasulu Mjini, Agripina Buyogera Kasulu Vijijini, Felix Mkosamali Muhambwe. Ongeza Zitto Kigoma Kaskazini. Mkoa una majimbo nane, matano yakawa ya upinzani. Ajabu ni kwamba katika majimbo matatu yaliyobaki CCM, moja ndilo Kigoma Mjini, ambalo watu wa mbali ndilo wanaloliita ngome ya upinzani.

#7 – Mleta uzi

Mkuu wa Kasulu, umeniongezea nyama. Na 2015 upepo ukageuka: Kasulu zote mbili, Muhambwe na Kigoma Kusini vikarudi CCM, wakati huo huo sisi mjini tukaenda ACT na Buyungu wakaenda CHADEMA na marehemu Kasuku Bilago, Mungu amrehemu. Kwa hiyo 2010 vijijini upinzani na mjini CCM, 2015 karibu kinyume chake. Mtu anayechora ramani ya Kigoma kwa rangi moja hajakaa na watu wa Kigoma.

Halafu kuna jambo moja naona linachangia sana, na wengi wanaogopa kulisema. Mtu wa Kigoma amezoea kuulizwa utaifa wake. Ukisafiri na treni, ukifika Dar, ukiomba kitambulisho cha taifa, unaulizwa babu yako alizaliwa wapi, na bibi je, na mbona lafudhi yako hivi. Unaitwa Mrundi, unaitwa Mkongo. Kipindi cha kura watu wanawekewa pingamizi kwa hoja ya uraia. Mtu aliyeishi hivyo hamtafuti mbunge wa kusema "naunga mkono hoja" na kukaa. Anamtafuta mtu ambaye akisimama, nchi itajua kwamba Kigoma ni Tanzania. Kabourou aliwapa hilo alipoishinda serikali mahakamani. Zitto aliwapa hilo 2007, aliposimamishwa Bunge kwa sababu ya hoja ya mkataba wa mgodi wa Buzwagi, kisha Rais mwenyewe akamteua kwenye kamati ya Jaji Bomani ya kupitia mambo ya madini. Na hata upande wa CCM, Dk. Philip Mpango alipopata Buhigwe 2020, na Machi 2021 akawa Makamu wa Rais, nilisikia furaha kwenye nyumba ambazo hazijawahi kuipigia CCM. Ilikuwa furaha ile ile. Wa kwetu amesimama pale juu na hakuna atakayemwuliza bibi yake alizaliwa wapi.

#8 – Mchangiaji, Kibirizi

Kaka mleta uzi, shikamoo kwa kazi hii. Mimi ni mwanamke, nafanya biashara ya dagaa mwaloni. Nimesoma majina yote: Kabourou, Serukamba, Zitto, Ng'enda, Chipando. Wanaume watupu. Miaka thelathini. Je, Kigoma Mjini haina mwanamke mwenye mdomo? Mwaloni kwetu wanaoanika ni wanawake, wanaopakia magunia ya kwenda Dar na Congo ni wanawake, wanaokopa vikoba na kulipa ni wanawake. Ziwa lilipofungwa miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, aliyekaa bila senti nyumbani ni nani? Mvuvi alipumzika, sisi watoto walikula nini? Nilitaka mbunge anayelijua hilo bila kuelezwa.

#9 – Mleta uzi

Marahaba dada yangu. Umeligusa jambo ambalo lilipaswa kuwa kwenye bandiko la kwanza.

Nakujibu kwa yaliyotokea kwa majirani, ili mtu asiseme haiwezekani. Kasulu Vijijini walimchagua Agripina Buyogera 2010. Kigoma Kusini walimchagua Hasna Mwilima 2015, akimshinda Kafulila, na Kafulila alipofungua kesi ya kupinga matokeo ikashindikana. Muhambwe, baada ya kifo cha Atashasta Nditiye, walimchagua Dk. Florence Samizi kwenye uchaguzi mdogo wa Mei 2021. Yote hayo ni majimbo ambayo watu wa mjini tunayaita "vijijini" kwa sauti fulani ya kujiona tumewatangulia.

Na nenda mbali kidogo, kusini ya ziwa hili hili. Mwaka 2020, upinzani ulipofagiwa Bara nzima, waliobaki na majimbo ya kuchaguliwa walikuwa wawili tu, na wote ni wanawake. Shamsia Mtamba wa CUF Mtwara Vijijini, na Aida Khenani wa CHADEMA Nkasi Kaskazini, jimbo lenye mialo ya Kirando na Kipili. Maji yao ndiyo maji yetu, na dagaa wao ndio dagaa wetu.

Hilo la kufungwa ziwa ni mfano mzuri sana wa kazi ya mbunge wetu. Ulikuwa uamuzi wa pamoja wa nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Burundi, Congo na Zambia, ili samaki wazaliane. Mimi naunga mkono ziwa kupumzishwa, migebuka ya leo si ya utoto wetu. Lakini uamuzi wa nchi nne unahitaji mtu wa jimbo hili aingie ukumbini akiwa na hesabu ya mwaloni mkononi: mama mmoja anaanika kiasi gani kwa wiki, anadaiwa kiasi gani kwenye kikundi, na miezi mitatu marejesho yake yatasimamishwa na nani. Hayo ni maswali ya kuulizwa Dodoma kabla ya tarehe kutangazwa.

#10 – Mchangiaji, Kibirizi

Nimekuelewa kaka. Basi orodha ya maswali tuiandike humu humu, tusisubiri kampeni. Mimi la kwanza: kipindi ziwa limefungwa, marejesho ya mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake wa mwaloni yasogezwe mbele au yasisogezwe? Mbunge wa sasa na madiwani wote wajibu hadharani.

#11 – Mchangiaji, Katubuka

La pili ni langu: vitambulisho vya taifa. Kata 19, atuambie kila kata wangapi wameomba na bado wanazungushwa kwa sababu ya maswali ya uraia.

#12 – Mleta uzi

Naandika. La tatu nalileta mimi, la bajeti: ile desturi ya kubandika mapato na matumizi ya manispaa kwenye ofisi za kata, irudishwe kwa uamuzi wa madiwani wenyewe, haihitaji mkataba wa kimataifa. Mwenye la nne aweke. Wa Bangwe na Businde mbona kimya?